Maji ya Mtaroni na Mguu wa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Leo Kengele kanipigia kengele mpaka nikatamani kuimeza. Kengele ni mtayarishaji wa kipindi changu. Jina tumempa kwa sababu ya kile kikengele cha mezani anachokaa nacho upande wa pili wa kioo. Nikitamka neno ambalo mama mkwe wake asingelielewa — ti! Narudia kwa lugha nyepesi. Nikishindwa, naliruka. Ndiyo sheria ya kipindi chetu cha sayansi, na ndiyo maana watu wanatusikiliza, anasema. Haya. Lakini leo nimesema "mawimbi" — ti! Mawimbi, jamani! Kuna mtu hajaona maji yakitikisika?

Najua si yeye aliyenikera. Ni simu ya mchana. Dada karudishwa wodini.

Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Fundi cherehani, mkali, mcheshi, haombi msaada. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi, mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika, akawekewa chuma. Mfupa ukaunga, lakini bakteria wakaingia. Chuma kimeshatolewa, wao hawakutoka. Wamejichimbia mfupani na wanacheka kila dawa wanayopewa. Daktari wa mifupa amebakiza dawa moja tu ya kujaribu. Ikishindwa na hiyo, atakata chini ya goti.

Dada kaniambia kwenye simu, si wewe ndiye mwenye sayansi yako redioni? Basi itafute inisaidie! Akacheka. Mimi nimecheka kwa sababu yeye alicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kumwona. Shikamoo Dada. Marahaba, Kasuku, umenenepa. Ndivyo anavyoniita tangu nianze kutangaza — Kasuku. Mguu uko juu ya mito miwili, umefungwa bandeji. Harufu yake naifahamu sasa.

Nimejifanya mwenye akili. Nikamwambia hata ikitokea ya kutokea, siku hizi kuna cherehani za umeme, mguu mmoja unatosha. Alinitazama! Akasema, mdogo wangu, mimi silii cherehani, nalilia mguu. Ni wangu. Nimekuja nao duniani. Nikanywea.

Dawa ya mwisho nayo imeonekana maabara kuwa haifanyi kitu. Daktari wa mifupa kanieleza kwenye korido. Mama mrefu, hacheki ovyo, nampenda kwa hilo. Anasema bakteria hawa wamejiotesha vipampu kwenye ngozi yao. Dawa ikiingia tu, wanaitema nje kabla haijawadhuru. Usugu wa dawa ndiyo huo, nami nimeutangaza mara ngapi kwa sauti yangu nzuri! Leo umepewa kitanda na namba ya wodi.

Nikamuuliza kuhusu faji. Wale virusi wanaoua bakteria — nilikuwa nimesoma juu yao wiki nzima. Hakunidharau. Alisema amesoma pia. Vinajulikana kwa zaidi ya miaka mia, kuna nchi hazikuwahi kuviacha, kwingine vilisahaulika antibaiotiki zilipokuja. Sasa vimerudi na watu wanagombana. Akasema, mgonjwa mmoja akipona gazeti zima linamwandika. Ambao hawakupona nani anawaandika? Majaribio makubwa machache yaliyofanyika, mengine yameanguka. Kwake yeye hiyo bado haijawa dawa. Ni matumaini.

Halafu huyo huyo akaandika namba ya mtafiti mmoja wa chuo kikuu. Kasema nendeni. Lakini hatangoja mguu uue mtu mzima. Mwisho wa Aprili, kama hakuna kilichobadilika, atakata.

Jumatatu, 10 Machi

Maabara ipo chini kabisa ya jengo la chuo, karibu na stoo ya viti vibovu. Mtafiti ni binti mdogo wa umri, mrefu wa maneno. Alinitambua kwa sauti. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba kipindi changu cha mwezi uliopita kuhusu chanjo kilikuwa na kosa. Ahsante sana!

Ana friji limejaa faji alizokusanya miaka na miaka. Kanionyesha inavyofanya kazi. Sahani ya maabara, juu yake bakteria wa Dada, ambao daktari alimtumia tangu Ijumaa, wameota wakafunika kote, utando kama wa uji uliopoa. Unadondoshea tone lenye faji. Faji ikiwa ndiyo yenyewe, kesho yake pale palipodondoka pana tundu safi. Bakteria wamekufa. Tatizo ni kuwa kila faji ina bakteria wake. Ya huyu haimgusi yule. Hazibahatishi.

Amejaribu friji zima juu ya bakteria wa Dada. Hakuna tundu hata la sindano.

Inabidi kutafuta mpya, kasema. Wapi? Kwenye maji machafu. Walipo bakteria wengi ndipo walipo wawindaji wao: mitaro, makaro, machinjio. Lakini yuko peke yake, na ana mitaro michache anayoweza kuifikia.

Jumatano, 12 Machi

Kipindi kimekwenda vizuri kupita kiasi. Sijisifu — ndiyo, najisifu. Nilieleza faji kuanzia mwanzo. Kirusi hakina habari na wewe wala mimi. Kinatua mgongoni mwa bakteria, kinamdunga, kinamwingizia mbegu yake. Bakteria anageuka kiwanda cha kutengeneza virusi vingine kama hicho, mwisho anapasuka, virusi vinamwagika kutafuta mwingine. Bakteria wakiisha na virusi vinaisha. Simu zilimiminika.

Nikasema, huenda dawa ambayo hospitali zinaitafuta iko kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba yako! Nilijipenda sana kwenye sentensi hiyo.

Baada yake nilikuwa na sentensi nyingine, ndefu kidogo. Kwamba maji yenyewe ni hatari, na faji lazima ichujwe, ioteshwe, isafishwe endotoksini — ti! Nikatafuta neno jepesi la endotoksini. Sikulipata. Taarifa ya habari inaingia, Kengele anajikata koo kwa kidole nyuma ya kioo. Nikairuka. Sentensi nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Dada wa mapokezi pale redioni kanipigia kabla sijavaa viatu. Kuna mtu kaleta chupa. Ya nini? Ya maji meusi, anasema ni dawa yako ya redioni.

Nilicheka.

Ijumaa, 14 Machi

Sicheki tena. Chupa zimejaa mapokezi. Chupa za maji ya kunywa, za mafuta ya kupikia, kopo la rangi, chupa ya chai yenye maua! Zimeandikwa kwa kalamu: karo la shule, mtaro wa gereji, shimo la nyuma kwa shangazi. Dada wa mapokezi kajifunga kitambaa puani na kusema yeye au chupa, mmoja atoke. Nikamwomba avumilie. Kaniuliza kama mke wangu anajua kazi ninayofanya.

Hilo ni la kuchekesha. Hili si la kuchekesha. Saa nne akaingia mzee mmoja, fundi baiskeli. Mguu kaufunga shati kuukuu. Kaja kunishukuru! Ana kidonda cha muda mrefu kwenye kifundo. Tangu Jumatano anakiosha kwa maji ya mtaroni, asubuhi na jioni, kama nilivyosema. Anataka kujua aendelee kwa siku ngapi.

Mguu umevimba, umewaka, unang'aa. Nikamwambia, mzee wangu, twende hospitali sasa hivi. Akasema lakini wewe ulisema. Nikasema nimekosea, baba, twende. Njiani akanipa pole, eti nisijisumbue sana juu yake. Afadhali angenitukana.

Wamempokea, wamemsafisha, wanasema amewahi. Atapona. Ningekuwa nimeua mtu kwa sauti nzuri.

Nimerudi ofisini nimemwakia Kengele. Wewe na kengele yako! Akajibu, mimi nilipiga kwa neno moja, nani kakuambia uruke sentensi nzima? Tumegombana mpaka watu wa muziki wakafunga mlango. Sasa nimetulia naona yuko sawa. Kengele alipiga, lakini aliyeruka ni mimi. Na nilijua umuhimu wake. Nilitaka kuishia kwenye ile sentensi tamu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumepewa nusu saa ya dharura. Nimemwomba daktari wa mifupa aje studio, nikijua atanipa vidonge vyangu. Kanipa. Hewani!

Nimeanza mwenyewe: Jumatano niliwaacha nusu ya njia. Msiguse maji hayo, msioshe kidonda, msinywe, msimpe mtu. Nikaeleza ya mzee bila kumtaja. Ilipofika ile endotoksini nikasema: bakteria akipasuka anaacha uchafu wake, na uchafu huo ukiingia kwenye damu unaweza kumwangusha mtu. Hiyo tu! Maneno hayo yalikuwa wapi Jumatano? Kengele alikuwa amepeleka mkono kwenye kikengele, akaurudisha mfukoni.

Daktari alisema yake bila kupamba. Kwamba faji inaweza kuwa kitu kikubwa. Kwamba anaombea iwe. Lakini hata ikiwa safi hatujui kipimo sahihi, hatujui inafaa mgonjwa gani, na bakteria anaweza kuizoea kama alivyozoea dawa. Mtu akapiga simu akauliza, kwa hiyo wewe unapinga? Akajibu, mimi sipingi, nauliza. Kazi ya mwenye kisu ni kuuliza.

Nilipomsindikiza kwenye gari nikamwambia ahsante. Akasema usinishukuru, dada yako joto limepanda.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimpigia mtafiti nimwombe radhi kwa kumharibia kazi yake. Nikamsimulia za chupa. Akanikatiza — umezitupa? Bado, gari la taka linakuja mchana. Akapiga ukelele! Usitupe! Usitupe hata moja! Watu wamekuletea mitaro ya mji mzima na wewe unaita gari la taka?

Nimezipeleka kwa gari la redio. Dereva kafungua vioo vyote na kutoa kichwa nje njia nzima. Tulipofika, mtafiti alivaa glavu, akazipokea moja moja, anasoma maandishi anasema "safi kabisa!" kwa vitu vyeusi tii. Mke wangu leo kakataa nisiingie ndani mpaka nivue nguo barazani. Majirani wameniona. Basi.

Jumatano, 26 Machi

Bado. Mtafiti anasema chupa nyingi zina faji, lakini za bakteria wengine. Dada halali kwa maumivu. Kipindi leo nimezungumzia mawe ya kale. Sikuwa na moyo nayo.

Jumapili, 30 Machi

MATUNDU!

Nimeandika kwa herufi kubwa kama mtoto na sijali. Mtafiti kapiga simu nikiwa nakunywa chai, hakusalimia, kasema njoo. Nimekwenda na ndala. Sahani iko mezani chini ya taa. Utando wa bakteria wa Dada, na katikati yake matundu, meusi, duara, safi, yamepangana. Ulikuwa unaona hadi mezani kupitia kwayo. Bakteria ambao hospitali nzima imeshindwa nao, na hapo hawapo.

Nimelia mbele ya mtoto wa watu. Akanipa karatasi ya kufutia meza.

Chupa yenyewe ni ya mafuta ya kupikia. Imeandikwa: mfereji wa dobi, hospitali, kutoka kwa msikilizaji wenu. Hospitali ile ile aliyolazwa! Mtafiti hakushangaa. Mashuka ya wagonjwa yanafuliwa pale, bakteria wanamiminikia pale, na wawindaji wao wamejaa pale. Mimi nimeshangaa kwa niaba yetu sote.

Kasema nisimwambie Dada bado. Sahani siyo mguu. Nimeahidi.

Nimemwambia njiani kurudi. Siwezi kuficha, uso wangu ni gazeti.

Alhamisi, 3 Aprili

Kamati ya maadili ya hospitali. Wakubwa watupu, chupa za maji mezani, hakuna anayekunywa. Mtafiti alieleza atakavyoisafisha: kuotesha upya, kuchuja, kuosha uchafu wa bakteria, kupima na kupima tena. Maji ya mfereji hayatabaki hata tone, kinachobaki ni faji tu. Wakamgeukia daktari wa mifupa. Nilijua atatumaliza.

Akasema hajabadili mawazo. Ushahidi ni mdogo. Lakini msumeno wake ukishapita hakuna kurudi nyuma, na hii ikishindwa msumeno bado upo. Anaomba iruhusiwe kwa mgonjwa huyu mmoja, kwa masharti. La kwanza, mgonjwa aelezwe kila kitu. La pili, kila matokeo yaandikwe. La tatu, akanielekezea kidole — mtangazaji huyu aahidi hapa kwamba tukishindwa atatangaza tumeshindwa, kwa sauti ile ile.

Nimeahidi. Sauti ilitoka nyembamba.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumemweleza Dada. Daktari alisema yake, mtafiti yake. Walipotoka akanishika mkono. Sasa niambie ya kweli, Kasuku, si ya redioni.

Nikamwambia. Inaweza isifanye kitu. Inaweza kuleta homa kali. Inaweza kukupotezea wiki ambazo ungekuwa umeshakatwa na kuanza kupona. Inaweza pia kuokoa mguu. Akasema, kwa hiyo hamjui. Nikasema hatujui. Halafu akasema hilo ndilo neno la kwanza la daktari analolielewa tangu alazwe, na akaomba kalamu.

Mtafiti aliporudi na karatasi, kabla ya kutia sahihi Dada akauliza, na huo mfereji wa dobi, ni wa wodi ya wanaume au ya wanawake? Mtafiti akasema mashuka yote yanafuliwa pamoja, mama. Dada akasonya. Haya, mkosi umeshaingia, leteni.

Jumanne, 15 Aprili

Wameanza. Nilitegemea kitu cha ajabu. Ni maji tu! Meupe, kwenye mfuko mdogo, yanapita mrija mwembamba hadi ndani ya kidonda. Muuguzi kasimama, mtafiti kasimama, daktari wa mifupa kakunja mikono. Dada ndiye pekee aliyeketi raha, anatuangalia tulivyo. Mbona mnanitazama kama nataka kutaga?

Jioni homa imeanza.

Jumatano, 16 Aprili

Homa. Anatetemeka kitanda kinagonga ukuta. Mtafiti anasema bakteria wanapasuka kwa wingi, ndiyo dalili. Daktari anasema inaweza kuwa hivyo, inaweza isiwe. Wote wamekaa naye. Sikwenda kazini. Kengele kaweka muziki saa yangu nzima, kisha akaja wodini na uji wa chupa, akaketi kwenye korido. Mungu ambariki yule mtu na kelele zake.

Jumamosi, 19 Aprili

Homa imeshuka!

Na kuna jambo jingine. Nimeingia wodini nikasimama mlangoni, sijui ni nini kimebadilika. Nimechukua muda. Ile harufu haipo. Muuguzi alipofungua bandeji, usaha umepungua sana, nyama ya pembeni imeanza kuwa nyekundu ya uhai. Daktari kainama, katazama, kachukua picha kwa simu yake. Picha mbili.

Ijumaa, 25 Aprili

Ningejua nisingefurahi mapema.

Mtafiti kaja mwenyewe wodini, anauma mdomo. Sampuli ya jana ina bakteria hai. Wachache, lakini hai, na faji haiwagusi tena. Wameizoea. Kwa siku chache tu! Daktari alilisema hili hewani na sasa limetokea, na hakuonekana hata kidogo kufurahi kuwa alikuwa sahihi. Kaketi pembeni ya kitanda — sijawahi kumwona akiketi. Akamwambia Dada, tarehe yetu ni Jumatano.

Dada akasema sawa, mwanangu. Akamshika yeye mkono, daktari! Mimi nimetoka nikasimama karibu na ngazi na kupiga ukuta. Mkono umeniuma. Ukuta haukupata kitu.

Inabidi nitangaze. Niliahidi. Nimejaribu kuandika sentensi ya kwanza hapa: wapenzi wasikilizaji, tumeshindwa. Mkono hautaki.

Jumatatu, 28 Aprili

Ngoja niandike taratibu, nisikosee.

Mtafiti hakwenda kwao wikiendi yote. Aliwachukua wale bakteria walioizoea faji akawapima upya na dawa zote za zamani, zile zilizokuwa zinatemwa. Moja kati yake imewaua. Imewaua kabisa!

Kanieleza kwenye simu huku anakula, maneno yanaingiliana. Faji hii inamwingia bakteria kwa kushika kile kipampu chake, kile anachotemea dawa. Pampu ndiyo mlango wake. Bakteria ili ajiokoe na faji amelazimika kuuvunja mlango, yaani amejinyofoa pampu. Sasa faji haimpati, sawa. Lakini dawa ikiingia hana cha kuitemea! Amejifungia ndani ya nyumba inayoungua. Imewahi kuonekana kwingine, anasema, watafiti wanaibishania kama inaweza kutegemewa. Hakuthubutu kuitarajia.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie kama anamwambia mama mkwe wa Kengele. Akarudia, na safari hii akacheka mwenyewe.

Tumekwenda kwa daktari wote wawili. Kasoma karatasi mara mbili. Akauliza maswali mpaka nikataka kumtikisa mabega. Je, waliobaki wote hawana pampu, au baadhi tu? Mtafiti akasema hajui, amepima walioota tu. Kwa hiyo hujui. Sijui. Daktari akainua simu ya mezani, akapiga chumba cha upasuaji, akasema ile ya Jumatano iondoeni. Hapana, si kuahirisha hadi Alhamisi. Iondoeni, nitawaambia.

Halafu akatufukuza, ana wagonjwa.

Jumatano, 30 Aprili

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Badala yake dripu ya dawa ya zamani mkononi, na mrija wa faji mguuni bado upo, ili bakteria asipate nafasi ya kurudisha pampu yake. Huku faji, huku dawa. Dada anasema amezingirwa kama mwizi wa kuku.

Kwenye kipindi nimesema kila kitu. Kwamba tulifurahi, tukaangushwa, tumesimama tena, na kwamba mgonjwa mmoja si ushahidi. Nimesema hatujui mara nyingi sana. Nilimtazama Kengele. Neno hilo halipigii.

Mke wa yule fundi baiskeli kapiga simu hewani. Kidonda cha mumewe kinafunga, kwa dawa za hospitali tu, na anasema kipindi hiki siku hizi kinaeleweka mwanzo hadi mwisho.

Jumatano, 7 Mei

Niko wodini. Naandika nikiwa kwenye kiti cha wageni, goti ndiyo meza. Daktari alisema atapita kabla ya saa sita na majibu ya mfupa: sampuli mpya na picha ya eksirei. Kama bakteria hawapo au karibu hawapo, mguu unabaki. Kama wamerudi na pampu zao, basi. Juzi alisema haoni sababu ya kukata tamaa. Kutoka kwa mama yule, hiyo ni ngoma na vigelegele.

Kidonda kinafunga. Hilo naliona kwa macho yangu, halihitaji daktari. Kingo zimesogeleana. Jana ameweza kukunja vidole vyote vya mguu, kidogo kidogo, na muuguzi kapiga makofi kabla hajajizuia.

Asubuhi alinipigia. Njoo na viatu vyangu. Vya aina gani, Dada, ndala? Akasema viatu, Kasuku. Vile vyeusi vya kisigino kifupi. Nikamwuliza kimoja au — nilimeza maneno nikiwa nimeshachelewa. Akakata simu.

Nimevileta vyote viwili kwenye mfuko. Nimevipiga rangi.

Amekaa kitandani, miguu inaning'inia. Cha kushoto kimeingia mara moja. Sasa anafungua bandeji ya kulia, ile ya chini tu, anasema inazuia kiatu, atairudisha. Nimemwambia subiri majibu. Anasema majibu ni ya daktari, mguu ni wake. Nimemwambia umevimba hautaingia. Anasema nimpe kijiko cha kuingizia kisigino.

Hatua za daktari zinasikika kwenye korido, nazijua sasa, ndefu na hazina haraka. Muuguzi amemwona Dada anachofanya, anakuja na uso umekunjamana. Dada ameinama, hasikii au anajifanya, amekamata kisigino cha kiatu kwa mikono miwili, anasukuma, anauma meno — kidole gumba kimeingia, na kinachofuata, na —